Mume yuko safarini, mimi natoka alfajiri kupiga picha

Shikamoo dada mshauri,

Nina miaka 43, naishi Tanga mjini, nimeolewa miaka 19. Mume wangu ni dereva wa malori. Akitoka hapa anapita Dar, anapanda mpaka Tunduma, anavuka kwenda Lubumbashi. Akiondoka ni wiki tatu, pengine mwezi. Tuna watoto watatu: mkubwa yuko bweni kidato cha sita, wa kati ni binti wa kidato cha pili, mdogo yuko darasa la nne. Mama mkwe tunaishi naye tangu baba mkwe afariki. Mimi natunza hesabu kwenye ofisi ya mtu binafsi.

Jambo lenyewe lilianza na simu. Mwaka jana, Jumapili asubuhi, nilimpeleka mdogo ufukweni Raskazone. Ngalawa mbili zilikuwa zinarudi, jua bado liko chini, tanga limewaka kama taa ya chemli. Nikapiga, nikaiweka status. Watu wakaniuliza nimeitoa wapi, hawakuamini ni yangu. Mume wangu aliiweka kwenye kioo cha simu yake na mpaka leo ipo. Dada mmoja ofisini akaniambia, wewe njoo kwenye kundi letu.

Kundi lina watu kama 14, wanaotoka Jumamosi mbili kila mwezi. Si wapigapicha wa harusi, ni watu wa kazi zao tu: mwalimu, fundi umeme, wawili wa benki, wengine wanafunzi. Wanakwenda magofu ya Tongoni, mapango ya Amboni, mashamba ya mkonge, mikokoni. Wanawake tuko watatu. Unachangia mafuta ya gari, basi.

Nimekwenda mara tatu. Dada, sijui nikueleze vipi. Mara ya kwanza nililala kifudifudi kwenye mchanga nikimvizia kaa dume mmoja, na nilipoinuka nikagundua imepita saa nzima hakuna mtu aliyeniita. Tangu nizae haijawahi kutokea. Kero yangu moja ni kwamba vijana wananiita mama, wananipa kiti cha mbele, wananibebea mkoba. Wao wanapiga mbizi kwenye tope, mimi natandikiwa khanga nikae.

Tatizo ni kwamba nyumbani hawajui. Tunaondoka saa kumi na nusu alfajiri, swala tunaswali njiani. Mama mkwe nilimwambia ofisini tunafunga hesabu za robo mwaka. Mara ya pili nikasema hivyo hivyo. Akasema, "Mwanamke wa mtu anatoka usiku na bodaboda, hesabu gani hizo zisizoweza kusubiri jua?" Mara ya tatu hakusema kitu, ila nilikuta chupa ya chai imejaa mezani na kikombe kimefunikwa. Sijui ni kejeli au nini. Mtaani kwetu mke wa dereva anachungwa na kila mtu, na mume wangu akisikia kwa watu kabla yangu najua atakataa kabisa.

Sasa mwezi ujao wanakwenda Amani, kule msituni kwenye milima ya Usambara, siku mbili, kulala huko. Mchango ni 120,000. Natamani sana. Nimesoma kwamba lile ua dogo la zambarau wanaloliweka madirishani Ulaya lilichukuliwa huku kwetu Tanga mwaka 1892, na mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye ambaye wataalamu walilipa ua hilo jina lake. Mimi mzaliwa wa Tanga sijawahi kuliona likiwa porini kwake. Na kuna mwenzetu anauza kamera yake, Canon 600D na lenzi yake, laki saba. Kiongozi wa kundi aliniambia kwa utani, "Mama, Amani kwa simu utakuwa umekwenda kutembea tu." Nina gawio la kikoba karibu kiasi hicho, lakini mume wangu anajua ni la vigae vya sebuleni.

Halafu kuna jingine linalonisumbua. Safari ya pili ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Saa tatu maji yalikuwa yamekupwa mbali, wanawake wanachokoa pweza, nguo wamezikunja mpaka mapajani kama kazi inavyotaka. Vijana wakapiga, hawakuuliza, jioni picha ziko Instagram watu wanasifia rangi. Mmoja kati ya wale wanawake namjua, ni somo yake wifi yangu. Nilinyamaza.

Nijiunge rasmi au niache kabla mambo hayajaharibika?

Ni mimi, Mvizia Kaa, Tanga.

*

Marahaba, mdogo wangu Mvizia Kaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliisoma huku nacheka peke yangu, kwa sababu unaniuliza kama ujiunge na kundi ambalo umeshakwenda nalo mara tatu, umeshawajua tabia, umeshakasirishwa nalo na umeshapanga kulala nalo mlimani. Kujiunga umejiunga. Ninavyoona mimi, ulichobaki nacho mkononi ni swali la namna ya kuwa mwanachama mchana, watu wakikuona.

Naomba turudi kwenye sentensi yako moja: "najua atakataa kabisa." Nimeitafuta barua nzima mahali mume wako alipokataa kitu, sijapaona. Aliyenena ni mama mkwe. Wanaochunga ni mtaa. Mume wako katika barua hii amefanya jambo moja tu, ameichukua picha yako akaiweka kwenye simu yake, na kila akiitoa mfukoni foleni ya Tunduma anaiona ngalawa yako. Pengine wewe unazo sababu za miaka 19 ambazo hukuziandika, na kama zipo zipe uzito wake, mimi simjui. Lakini kama hazipo, huenda unamsikia mtaa ukisema kwa sauti ya mume.

Na kuna kitu nakigusa kwa uangalifu. Wewe umeishi miaka hii yote na mtu ambaye humwoni wiki tatu. Hujui amelala gesti gani, amempa nani lifti, amekula na nani. Umemwamini bila kumwona, ndivyo ndoa za madereva zinavyosimama. Sisemi umkumbushe hayo kama deni, utaharibu. Nasema tu kwamba nyumbani kwenu kumwamini mtu asiyeonekana ni jambo la siku zote, sema mpaka sasa limekuwa likienda upande mmoja.

Uongo wako wa hesabu za robo mwaka nao, samahani, ni dhaifu. Robo gani ya mwaka inafungwa kila baada ya wiki mbili? Mama mkwe wako amelea dereva, hadanganyiki kwa hilo. Shida ya uongo huo si udogo wake. Siku mtu akikuona Tongoni umelala kwenye nyasi na vijana, jambo safi kabisa litavaa nguo za jambo chafu, na utajikuta unajitetea kwa kosa ambalo hukulifanya. Mimi mwenyewe nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka hamsini na mbili, nikawaficha wanangu mwezi mzima. Waliponigundua hawakuudhika na baiskeli, waliudhika kwamba mwezi mzima niliwaambia nina maumivu ya goti.

Kumwambia, basi, lakini lini? Ukimpigia akiwa barabarani, ana siku nyingi peke yake na usukani za kulichambua neno lako, na mtu aliye peke yake na usukani anaweza kuongeza chumvi nyingi. Tena simu za njiani hukatika pabaya. Ukingoja arudi, utakuwa na picha za kumwonyesha, mtakaa, ataona uso wako ukizungumza, lakini unabahatisha kwamba hakuna atakayekutangulia. Wako wanaogawa: wanasema neno dogo kwenye simu, "kuna kundi la kupiga picha nimeanza kwenda nalo, ukirudi nitakuonyesha," halafu maelezo yanangoja. Hilo nalo lina hatari yake, neno dogo hupanda maswali makubwa. Unamjua wewe anavyopokea habari, ya nusu au ya mzima.

Kuhusu ile saa kumi na nusu, hapo ninaweza kukusaidia neno la kujibu. Mama mkwe ameuliza swali la haki kabisa: kwa nini isingoje jua? Mweleze. Huku kwetu karibu na ikweta jua halipandi kwa mshazari, taratibu, kama wanavyoliona watu wa nchi za baridi. Linachomoza na kupanda karibu wima. Ule mwanga laini wa dhahabu ulioiwasha tanga yako haudumu, na ikifika saa mbili na kitu jua limeshakuwa kali, kila uso una kivuli chini ya macho na bahari imekuwa nyeupe kama bati. Mtu akitaka mwanga ule lazima awe ameshafika na kukaa mahali pake kabla haujaja. Wavuvi wanalijua hilo. Bibi wa Tanga ataelewa hesabu za maji na jua kuliko hesabu za robo mwaka.

Ila bodaboda ya saa hiyo, ndugu yangu, hapo niko upande wa mama mkwe. Mwanamke peke yake, giza, na mkoba. Waombe gari lipite nyumbani likuchukue. Utaona haya, kwa sababu majirani watachungulia. Wachungulie. Wataona gari lina mwalimu, fundi umeme na wale dada wawili, badala ya kuona bodaboda moja ikikupeleka kusikojulikana. Najua pia kwamba siku gari likija mlangoni siri imekwisha, kwa hiyo hili haliwezi kutangulia yale mazungumzo.

Umenifikisha Amani, na natamani ningekuwa na magoti ya kwenda nawe. Msitu ule, na bustani ya miti waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, na vinyonga wenye pembe, na ukungu asubuhi. Hamu yako ya kuliona ua likiwa kwake ni hamu nzuri na sitaki uione kama anasa. Lakini kulala nje ya nyumba na kundi ambalo mume halijui ni hatua tofauti na kwenda Amboni ukarudi saa nne. Unaweza kwenda ukiwa umeshasema, ukabeba wasiwasi wa watu lakini si wa siri. Unaweza kuliacha la mwezi ujao, ua halihami, ukakosa safari na ukaumia kidogo ukiona picha zao. Unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni, ingawa utakosa alfajiri ya msituni, ambayo nadhani ndiyo unayoitaka. Na je, binti yako wa kidato cha pili? Hujasema kama anapenda mambo haya. Wengine watasema umemchukua kama mlinzi, na yeye akihisi hivyo atanuna njia nzima. Akienda kwa hamu yake, ni safari nyingine kabisa.

Lolote utakaloamua, kabla ya kutoa 120,000 uliza maswali ya mhasibu, kwani ndiyo kazi yako: pesa anashika nani, zinaandikwa wapi, kiingilio cha hifadhi na malipo ya mwongozaji yamo au hayamo, wanawake mnalala wapi, dereva ni nani, na mtu akiteguka mguu njiani anashushwa vipi. Kundi zuri halikasirikii maswali hayo. Likikasirika, umejua kitu bila gharama.

Kamera. Mimi si mtaalamu, nilimwuliza kijana mmoja anayepiga harusi hapa jirani, akaguna. Kamera ya mtumba katika mji wa bahari, alisema, jambo la kwanza ni kuimulika lenzi kwa tochi: unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya kioo, nyuzinyuzi kama za buibui, na kusafisha ni gharama. Pili, kamera za aina hiyo huhesabu picha zilizopigwa, na shata, ile sehemu ya ndani inayofunguka na kufunga, ina umri wake. Mwenye kuuza aonyeshe idadi. Halafu akaniambia neno ambalo sikulitegemea. Kama lenzi inayouzwa nayo ni ile fupi ya kawaida, ndege wa Amani walio juu ya miti mirefu hawatafikiwa nayo, na ndani ya msitu mwanga ni mdogo. Kwa hiyo laki saba si bei, ni kiingilio, na baada yake itatakiwa lenzi ndefu, kisha stendi. Ua lile lakini liko chini, linaota kwenye miamba yenye kivuli. Simu inaliweza, na wewe kulala chini unakuweza.

Nilichojiuliza nikisoma mstari wa vigae: unainunua kamera au unanunua jibu la kumpa yule kiongozi? Hata kama ni jibu, si dhambi, watu wengi tumenunua vitu kwa sababu hiyo na tukavitumia vizuri. Lakini gawio la kikoba mmelipa jina nyumbani. Kulibadilisha jina ni mazungumzo ya wawili, na sidhani ungependa mume arudi akute sebule ni ile ile ya saruji na wewe una kamera ambayo hakuwahi kuisikia. Labda mwenye kamera atakubali uiazime kwa siku moja kwa malipo kidogo. Labda mume mwenyewe atasema vigae vingoje. Labda atasema vigae kwanza, na utakasirika, na mtaongea. Sijui.

Nimeliacha la wachokoa pweza mwisho wa mambo mazito kwa sababu naona wewe mwenyewe umeliweka mwisho, kama mtu anayechomeka bahasha chini ya mlango. Ulinyamaza. Naelewa: mgeni katika kundi, safari ya pili, hutaki kuwa shangazi wa kuharibu raha. Lakini yule mama alikuwa kazini. Nguo zilikunjwa kwa ajili ya maji, hazikukunjwa kwa ajili ya watu wa mtandaoni, na wale vijana, nina hakika hawana ubaya, hawakuona mwanamke, waliona rangi. Wewe uliona somo yake wifi yako. Huenda hicho ndicho unachokipeleka kwenye kundi lile ambacho hawana, na hakihitaji lenzi.

Unaweza kumwendea kiongozi pembeni ukamwambia ziondolewe. Unaweza kumtafuta yule mama kwanza umwulize yeye anaonaje, pengine atacheka na kutaka nakala, pengine ataumia kujua kwamba imekwenda huko. Hatari ya kwanza ni kumsemea mtu ambaye hakukutuma. Hatari ya pili ni kumpelekea uchungu ambao hakuwa nao. Kwa safari zijazo kuna njia ndogo inayotumiwa na wapigapicha wenye adabu: salamu kwanza, picha baadaye, kisha kumwonyesha mtu kioo aone alivyotoka, na ukiweza kumrudishia moja ya karatasi. Picha ya karatasi mpaka leo inatundikwa ukutani, ya simu inapotea. Na waambie pia bandarini na karibu na majengo ya askari wasitoe kamera ovyo, wasije wakakusafirisha kituoni badala ya Tongoni.

Sasa tazama, neno hilo hilo linalokukera ndilo litakalokubeba hapa. Kijana anayekuita mama, anayekutandikia khanga, hawezi kukujibu ovyo ukimwambia "mwanangu, picha ile hapana." Umama unakukalisha kwenye kiti cha mbele, na pia unakupa sauti ambayo msichana wa miaka 22 katika kundi lile hana. Kama unataka kiti ukiache na sauti ubaki nayo, jaribu tu: Jumamosi ijayo ingia topeni kabla hawajakutandikia. Wataduwaa mara moja, ya pili watakupisha.

Hujaniambia mama mkwe wako ni mtu wa namna gani, ila umeniambia alifanya nini. Mara ya kwanza alinyamaza, mara ya pili aliuliza, mara ya tatu aliamka kabla yako, saa kumi ya usiku, akachemsha maji, akajaza chupa na kufunika kikombe wadudu wasiingie. Wewe unasema huenda ni kejeli. Inawezekana, wakwe wana kejeli zenye sukari. Inawezekana pia ni mwanamke ambaye maisha yake yote ameamka kuwafungia chai watu wanaosafiri gizani, mume kisha mwana, na sasa ameona mwingine. Mimi niko mbali, siwezi kuionja chai hiyo nikajua.

Ukiikuta tena, usiondoke nayo. Kaa, ongeza kikombe cha pili, umwite.